Vita vimoja, mahakama mbili: uchambuzi wa kesi ya Thomas Kwoyelo

Tarehe 25 Oktoba 2024, Mahakama Kuu ya Uganda ilimhukumu Thomas Kwoyelo, kanali wa zamani wa kundi la waasi la LRA, kifungo cha miaka 40. Miaka 15 aliyokuwa ameshaikaa rumande ikakatwa, ikabaki 25. Tarehe 6 Mei 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilikuwa imemhukumu Dominic Ongwen, kamanda mwenzake katika kundi hilohilo, kifungo cha miaka 25.

Wote wawili walitekwa na LRA wangali watoto, wakapanda vyeo humohumo msituni, wakatiwa hatiani kwa mauaji ya raia, utekaji na ubakaji kaskazini mwa Uganda. Ongwen alijisalimisha Januari 2015 na hukumu ikatoka Februari 2021: miaka sita. Kwoyelo alikamatwa Machi 2009 na akatiwa hatiani Agosti 2024: miaka kumi na mitano na miezi kadhaa. Mwenye cheo kikubwa zaidi ndiye aliyemaliza mapema. Ukiifuatilia kesi ya Kwoyelo hatua kwa hatua, utaona kwamba aliyeamua nani ahukumiwe wapi, na kwa kasi gani, hakuwa jaji. Zilikuwa tarehe: lini mkataba ulianza kutumika, lini hati ya kukamatwa ilitolewa, lini sheria ya nyumbani ilitungwa. Uzito wa matendo yenyewe ulikuja baadaye.

Kanuni ya mgawanyo wa kazi

Mkataba wa Roma, ulioiunda ICC na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2002, unasema kuanzia kifungu cha 1 kwamba ICC inakamilisha mahakama za nchi, haizichukulii nafasi. Kifungu cha 17 ndicho chenye meno. Kesi haipokelewi ICC kama nchi yenye mamlaka inaichunguza au kuiendesha, isipokuwa nchi hiyo haina nia ya kweli au haina uwezo wa kufanya hivyo. Haipokelewi pia ikiwa haina uzito wa kutosha.

Watu wengi hukimbilia neno "nia" na neno "uwezo", wakaanza kubishana kama serikali fulani ni nzuri au mbaya. Majaji wa rufaa wa ICC waliweka utaratibu tofauti Septemba 2009 katika kesi ya Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo wa Kongo. Swali la kwanza ni hili tu: je, kuna uchunguzi au mashtaka yanayoendelea nyumbani, au yaliwahi kuwapo? Kama hakuna, ICC inaendelea na kesi, na maswali ya nia na uwezo hayafikiwi kabisa. Nchi yenye mahakama bora duniani ikikaa kimya, kimya hicho kinatosha kuipa ICC kesi. Na pale nchi inapodai kwamba inafanya kazi, ni lazima ionyeshe kuwa inamchunguza mtu yuleyule kwa matendo yaleyale kwa sehemu kubwa. Kenya ilishindwa hapo mwaka 2011: ilizungumzia mageuzi na uchunguzi wa jumla, bila kuonyesha hatua mahususi dhidi ya watu sita waliokuwa wameitwa Hague, Uholanzi, yaliko makao ya ICC.

Kanuni hii ina upande wa pili ambao haujadiliwi vya kutosha. ICC isipomtaka mtu, hakuna chombo chochote kinachosimamia kitakachompata nyumbani. Kifungu cha 93 kinairuhusu ICC kuisaidia nchi kwa ushahidi ikiombwa, lakini haimo katika mkataba nguvu ya kuilazimisha nchi imshtaki mtu huyo, wala ya kuipa sheria ya kumshtakia. Kwoyelo aliangukia upande huo.

Watano walioandikiwa hati

Uganda iliridhia Mkataba wa Roma tarehe 14 Juni 2002. Desemba 2003 Rais Museveni akapeleka suala la LRA kwa Mwendesha Mashtaka wa ICC, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa nchi mwanachama kupeleka vita vyake yenyewe Hague. Uchunguzi ulifunguliwa Julai 2004. Tarehe 8 Julai 2005 majaji wakatoa hati tano za kukamatwa: Joseph Kony, kiongozi mkuu wa LRA, na makamanda wake Vincent Otti, Okot Odhiambo, Raska Lukwiya na Dominic Ongwen. Hati hizo zilikuwa siri hadi Oktoba mwaka huo.

Ofisi ya Mwendesha Mashtaka ilichagua wachache waliobeba dhamana kubwa zaidi. Ni uamuzi unaoeleweka kwa mahakama inayohudumia dunia nzima. Lakini matokeo yake ya vitendo ni kwamba maelfu ya wapiganaji, pamoja na ngazi nzima ya makamanda wa kati, waliachwa kwa Uganda. Jina la Kwoyelo halikuwemo. Hakuna hati dhidi ya mwanajeshi yeyote wa serikali iliyowahi kutolewa pia, ingawa Mwendesha Mashtaka alikwisha kuiarifu Uganda kwamba angelichukulia suala zima la kaskazini kuwa linahusu pande zote. Kwa familia zilizoumizwa na jeshi la serikali, mgawanyo huu wa kazi haujawahi kuwa mgawanyo wowote; mahakama zote mbili ziliangalia upande mmoja.

Wakati wa mazungumzo ya amani ya Juba, serikali na LRA zilitia saini makubaliano ya uwajibikaji na maridhiano Juni 2007, na nyongeza yake Februari 2008 ikaahidi kuwepo kwa kitengo maalumu cha Mahakama Kuu. Kony hakutia saini mkataba wa mwisho, lakini kitengo kiliundwa mwaka 2008 kwa jina la Divisheni ya Uhalifu wa Kivita. Baadaye, mwaka 2011, kikaitwa Divisheni ya Makosa ya Kimataifa. Mategemeo ya wengi yalikuwa kwamba Uganda ingekitumia kuzirudisha nyumbani kesi za wale walioandikiwa hati. Tarehe 10 Machi 2009 majaji wa ICC, kwa hiari yao wenyewe, walipima upya suala hilo na kusema kesi inabaki Hague: kitengo kilikuwa kwenye karatasi, hakuna hatua yoyote iliyokuwa imechukuliwa dhidi ya watuhumiwa. Septemba mwaka huo majaji wa rufaa wakauacha uamuzi huo usimame.

Mwezi huohuo wa Machi 2009, wanajeshi wa Uganda waliokuwa wakiisaka LRA katika mbuga ya Garamba, Kongo, walimkamata Kwoyelo akiwa na jeraha la risasi. Divisheni mpya ikawa imepata mshtakiwa wake wa kwanza wa LRA, na hakuwa miongoni mwa wale iliyoundwa kwa ajili yao.

Kumshtaki kwa sheria ipi?

Hapa ndipo kesi ilipoanza kuzama, na hapa ndipo wanasheria wa nchi nyingine wanapaswa kukaa kwa muda mrefu.

Uganda ilitunga Sheria ya ICC mwaka 2010, ikaanza kutumika tarehe 25 Juni mwaka huo. Sheria hiyo iliingiza nchini tafsiri za uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu kama zilivyo katika Mkataba wa Roma. Tatizo ni kwamba LRA ilikuwa imeshaondoka kaskazini mwa Uganda kufikia 2006. Kifungu cha 28(7) cha Katiba ya Uganda kinakataza mtu kushtakiwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa lilipotendwa. Hivyo sheria iliyosubiriwa kwa miaka minane tangu Uganda iridhie mkataba ilikosa kugusa hata tendo moja la LRA lililofanywa ndani ya Uganda. Nchi ilikuwa na jengo, majaji na jina la divisheni, bila sheria iliyohusu vita hivyo.

ICC nayo ilikuwa na ukuta wake wa tarehe. Haiwezi kugusa chochote cha kabla ya 1 Julai 2002. Matendo aliyotuhumiwa Kwoyelo yalianzia miaka ya mwanzo ya 1990 na kuishia 2005, mengi yakiwa Kilak, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Amuru, ikiwemo kambi za wakimbizi wa ndani za Pabbo na Pagak. Hata kama Hague ingemtaka, ingeweza kumhukumu kwa miaka mitatu na nusu tu ya hadithi hiyo. Kwa waliotekwa mwaka 1993 au 1996, mahakama ya Uganda ilikuwa mlango pekee.

Mkurugenzi wa Mashtaka wa Uganda alikuwa na njia tatu, na kila moja ilikuwa na shimo lake.

Ya kwanza ilikuwa Sheria ya Mikataba ya Geneva ya 1964, iliyoingiza nchini mikataba hiyo ya kimataifa ya kanuni za vita. Ilikuwapo wakati wa matendo yote, kwa hiyo suala la sheria kurudi nyuma halikuwepo. Lakini makosa yanayoadhibiwa ndani yake ni yale yanayoitwa ukiukaji mkubwa wa mikataba hiyo, na hayo yanahusu vita kati ya mataifa. Ili yatumike, upande wa mashtaka ulilazimika kuthibitisha kwamba vita vya LRA vilikuwa vya kimataifa kwa sababu ya msaada wa Sudan. Huo ni mzigo mzito sana wa ushahidi, na haukuwa na uhusiano wowote na kilichowapata watu wa Pabbo. Shahidi anaweza kueleza jinsi mwanawe alivyochukuliwa usiku. Hawezi kueleza ni nani Khartoum aliyetoa silaha.

Ya pili ilikuwa Kanuni ya Adhabu ya kawaida: kuua kwa kukusudia, utekaji kwa nia ya kuua, wizi wa kutumia nguvu, ubakaji. Iko wazi na adhabu zake zinajulikana. Lakini inahesabu kila tukio kivyake, inataka jina la marehemu, mahali na siku, na haina dhana ya dhamana ya kamanda kwa matendo ya walio chini yake kama ilivyo katika kifungu cha 28 cha Mkataba wa Roma. Ina nia ya pamoja, ambayo inafaa kwa kundi lililovamia nyumba moja kuliko kwa jeshi lenye ngazi za amri. Na ina upungufu mkubwa zaidi wa kimaana: shambulio lililopangwa dhidi ya jamii nzima linaonekana kama rundo la kesi za ujambazi.

Ya tatu ilikuwa sheria ya desturi ya kimataifa, yaani kudai kwamba uhalifu wa kivita katika vita vya ndani na uhalifu dhidi ya ubinadamu ulikuwa tayari kosa kwa mataifa yote kabla Uganda haijauandika katika vitabu vyake. Utetezi uliizuia njia hii kwa kifungu cha 28(12) cha Katiba, kinachotaka kosa liwe limefafanuliwa na adhabu yake kuwekwa na sheria. Ni hoja nzito. Desturi ya kimataifa inaeleza kosa, lakini haisemi miaka mingapi.

Mashtaka ya kwanza mbele ya divisheni, Julai 2011 mjini Gulu, yalikuwa 12 chini ya Sheria ya Mikataba ya Geneva, na mashtaka mbadala 53 chini ya Kanuni ya Adhabu. Mashtaka mbadala ni bima: tendo lilelile linaandikwa mara mbili kwa majina mawili, moja likianguka jingine libaki. Bima hiyo ina gharama. Kila shtaka husomwa, hutafsiriwa kwa Kiacholi, hujibiwa na kutolewa ushahidi, na mshtakiwa anajitetea dhidi ya nadharia mbili zinazopingana juu ya vita vilevile.

Miaka minne ya msamaha

Kabla shahidi wa kwanza hajaitwa, utetezi uliibua jambo ambalo serikali ilikuwa imelijenga yenyewe. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilimsamehe yeyote aliyepigana dhidi ya serikali tangu 26 Januari 1986, mradi aache uasi na kukabidhi silaha. Zaidi ya watu 26,000 walipata vyeti vya msamaha, takriban nusu yao wakitoka LRA. Miongoni mwao walikuwa makamanda wenye vyeo vya juu kuliko Kwoyelo, mathalani Brigedia Kenneth Banya.

Kwoyelo aliomba msamaha Januari 2010 akiwa kizuizini. Kwa mtu aliyeko kizuizini, sheria ilidai Mkurugenzi wa Mashtaka athibitishe kwamba hana shtaka lililo nje ya msamaha. Tume ya Msamaha ikapeleka jalada lake. Mkurugenzi hakutoa uthibitisho, akafungua mashtaka. Marekebisho ya 2006 yalikuwa yamempa waziri uwezo wa kutaja, kwa idhini ya Bunge, watu wasiostahili msamaha. Jina la Kwoyelo halikuwahi kutajwa.

Tarehe 22 Septemba 2011 Mahakama ya Katiba ikasema amebaguliwa. Wenzake maelfu wamesamehewa, yeye ananyimwa bila sababu iliyoelezwa, kinyume cha kifungu cha 21 cha Katiba kuhusu usawa. Kesi ikasimama, lakini yeye hakuachiwa, hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru Januari 2012 apewe cheti chake. Suala hilo lilifika hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo baadaye iliona haki zake zilikiukwa. Katikati ya hayo serikali iliiacha sehemu ya msamaha ife Mei 2012, kisha ikairudisha Mei 2013, na hivyo kuonyesha jinsi ilivyokuwa haijaamua inachotaka.

Mahakama ya Juu iligeuza uamuzi tarehe 8 Aprili 2015. Iliisoma sheria kwa umakini: msamaha unafunika makosa yaliyotendwa kwa ajili ya kuendeleza vita au uasi. Kumuua raia asiye na silaha kambini, au kumbaka msichana aliyetekwa, si kuendeleza vita. Kwa hiyo msamaha haukuwahi kuyahusu matendo hayo, na Mkurugenzi hakumbagua mtu kwa kukataa kuyasamehe.

Kisheria ni tafsiri sahihi, tena ndiyo pekee inayoifanya Sheria ya Msamaha isigongane na wajibu wa Uganda chini ya mikataba ya Geneva. Lakini ilikuja miaka mitano baada ya ombi, na haikugusa vyeti vilivyokwisha kutolewa. Kwoyelo akawa kamanda wa LRA aliyeshtakiwa Uganda huku wakubwa wake wakiishi uraiani.

Linganisha na Ongwen. Alipojisalimisha Jamhuri ya Afrika ya Kati mapema 2015, swali la msamaha halikumgusa hata kidogo, kwa sababu hati ya 2005 ilikuwa inamsubiri na ICC haifungwi na msamaha wa nchi. Ndani ya mwezi huohuo alikuwa Hague. Laiti hati hiyo isingekuwapo, angeingia katika msitu uleule wa sheria alimokwama Kwoyelo.

Kesi yenyewe

Baada ya 2015 upande wa mashtaka uliandika upya hati yote. Uliacha kung'ang'ania vita vya kimataifa, ukakubali vilikuwa vita vya ndani, na kuegemea kifungu cha 3 kinachofanana katika mikataba yote minne ya Geneva, ambacho kinahusu vita vya ndani, pamoja na desturi ya kimataifa, huku Kanuni ya Adhabu ikibaki kama mbadala. Kanuni mpya za divisheni zilizotungwa 2016 zikaleta hatua ya awali ya kuthibitisha mashtaka na zikawaruhusu waathiriwa kushiriki kupitia mawakili wao, mambo mawili yaliyochukuliwa wazi kutoka Hague. Agosti 2018 jaji wa hatua ya awali alithibitisha mashtaka 93.

Kutoka hapo hadi hukumu ilichukua miaka sita mingine, na sababu zake hazina siri. Divisheni hukaa kwa vikao, na fedha za kikao zisipotoka, kikao hakifanyiki. Majaji wake wana majalada mengine. Kesi ilihama kati ya Kampala na Gulu, na kila safari ilihitaji kusafirisha mshtakiwa, mawakili, wakalimani na mashahidi. Janga la Uviko lilikatiza vikao 2020. Nchi iliingia katika kesi hii bila sheria maalumu ya kulinda mashahidi, wakati ICC ina kitengo kizima cha kazi hiyo. Hague ilikuwa pia na kumbukumbu za mawasiliano ya redio ya LRA yaliyonaswa na vyombo vya usalama vya Uganda, sauti za makamanda wakiripoti mashambulio; ndizo zilizounganisha Ongwen na amri. Zilikusanywa na Uganda, zikafanya kazi yake kubwa zaidi Uholanzi.

Kuthibitisha uhalifu wa kivita kunahitaji tabaka mbili. Tabaka la chini ni tendo: nani aliuawa, wapi, na nani. Tabaka la juu ni mazingira: kwamba kulikuwa na mapigano ya silaha na tendo lilihusiana nayo; au, kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwamba lilikuwa sehemu ya shambulio pana au lenye mpango dhidi ya raia. Mahakama za kawaida zina uzoefu wa tabaka la chini. Mashahidi wakifika baada ya miaka ishirini, la chini ndilo linalochakaa: tarehe zinapotea, majina ya makamanda waliosikika gizani yanachanganyika. La juu hubaki imara kwa sababu limeandikwa kwingi. Ndiyo maana ucheleweshaji unamdhuru shahidi wa kijijini zaidi kuliko mtaalamu.

Desemba 2023 mahakama iliondoa mashtaka 15, ikamtaka Kwoyelo ajitetee kwa 78 yaliyobaki. Tarehe 13 Agosti 2024 akatiwa hatiani kwa 44, akaachiwa kwa matatu, na 31 ya mbadala yakafutwa. Watu wengine walisoma "31 yafutwa" wakadhani ni ushindi wa utetezi. Sivyo. Shtaka kuu likithibitishwa, mbadala wake halina kazi tena, kwani mtu haadhibiwi mara mbili kwa tendo moja.

Kuhusu adhabu, mahakama ilizingatia kwamba alitekwa mwaka 1987 akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, kwamba hakuwa kileleni mwa kundi, na kwamba alionyesha majuto. Adhabu ya kifo, ambayo Kanuni ya Adhabu inaruhusu kwa kuua, haikutolewa. ICC haina kabisa adhabu hiyo. Kikomo chake ni miaka 30, au maisha kwa kesi nzito mno, ingawa kifungu cha 80 kinaziachia nchi adhabu zao wenyewe. Mambo ya utoto yalipunguza adhabu za wote wawili, na katika kesi ya Ongwen majaji walikataa hoja kwamba yanafuta hatia.

Fidia: pengo lililo wazi zaidi

Februari 2024 ICC iliamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathiriwa wapatao 49,772 wa Ongwen, ikiwemo malipo ya kiishara ya euro 750 kwa kila mmoja. Ongwen hana kitu, kwa hiyo Mfuko wa Waathiriwa wa ICC unatakiwa kuzitafuta kwa wafadhili. Waathiriwa wanaohusika ni wale wa matendo yaliyothibitishwa, hasa mashambulio ya kambi nne: Pajule mwaka 2003, kisha Odek, Lukodi na Abok mwaka 2004.

Desemba 2024 mahakama ya Uganda ilifanya jambo ambalo ICC haiwezi kulifanya. Iliona Kwoyelo hana mali, ikaamua serikali ilipe, kwa msingi kwamba ilishindwa kuwalinda raia wake. Viwango vilifika hadi shilingi milioni 10 za Uganda kwa mwathiriwa. Mkataba wa Roma unaruhusu amri ya fidia dhidi ya mtu aliyetiwa hatiani tu, si dhidi ya nchi. Kwa hoja hii moja, mahakama ya nyumbani iliyochelewa ilikuwa na mkono mrefu kuliko ile ya kimataifa.

Hata hivyo mkono huo uliwafikia watu mia moja na kidogo. Mama wa Odek yumo katika orodha ya Hague. Mama wa Pagak, aliyeshambuliwa mwaka uleule na kundi lilelile, anategemea hazina ya Kampala. Na aliyeko kijiji ambacho kamanda wake alipewa cheti cha msamaha hayumo popote.

Kilichobaki: Kony

Septemba 2025 ICC ilifanya kikao cha kuthibitisha mashtaka dhidi ya Joseph Kony bila yeye kuwapo, na Novemba mwaka huo mashtaka 39 yakathibitishwa. Kesi yenyewe haiwezi kuanza mpaka apatikane, kwa kuwa kifungu cha 63 kinataka mshtakiwa awepo mahakamani.

Akikamatwa na mikono ya Uganda, hati ya 2005 inaibana nchi imkabidhi. Ikitaka kumhukumu nyumbani, italazimika kupinga upokeaji wa kesi chini ya kifungu cha 19, na kuonyesha jalada hai: uchunguzi wa Kony mwenyewe, kwa matendo yaleyale yaliyoko Hague, wenye maelezo ya mashahidi, hatua zilizochukuliwa na tarehe zake. Kuitaja Divisheni ya Makosa ya Kimataifa hakutatosha, kama hakukutosha Machi 2009. Safari hii Uganda ina hukumu ya Kwoyelo ya kuonyesha kwamba desturi ya kimataifa inaweza kushtakiwa nchini, hoja ambayo haikuwa nayo wakati ule.

Na akipelekwa Hague, matendo ya tangu 1987 hadi Juni 2002 hayatamfuata huko. Kifungu cha 101 kinaizuia ICC kumshtaki mtu aliyekabidhiwa kwa matendo mengine ya kabla ya kukabidhiwa bila idhini ya nchi iliyomtoa, na kwa miaka hiyo hata idhini haisaidii, kwa sababu mamlaka ya ICC hayafiki. Mfano wa kuifanya sehemu hiyo upo: Katanga alipomaliza kifungo chake cha ICC, Kongo ilimfungulia mashtaka mengine Kinshasa, na urais wa ICC ukaidhinisha Aprili 2016 chini ya kifungu cha 108 kwa kuwa matendo yalikuwa tofauti. Uganda ikitaka kuifuata njia hiyo, maelezo ya mashahidi wa miaka ya 1990 yanatakiwa kuchukuliwa sasa, kwa kiapo, kabla wazee waliobaki Pabbo, Gulu na Kitgum hawajaondoka nayo.